Virusi vimekwisha, mbona mtoto anaumwa tena?

Hapa Nakuru sisi watu wa Pwani tunajulikana kwa mambo mawili: kulalamika baridi kila asubuhi tunapokwenda kukoga, na kuita kila homa malaria. La kwanza si kosa. La pili lilitaka kutugharimu mtoto, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo, kwa sababu najua wengi wenu mnaonisoma Mombasa, Kilifi na Lamu mngefanya vile vile tulivyofanya sisi.

Mtoto mwenyewe ni wa kaka yangu. Wakati huo alikuwa na miaka mitatu na miezi kidogo, mpenda maneno, hanyamazi. Disemba walikuwa Malindi kwa likizo, Januari wakarudi nyumbani Bondeni, na kabla ya wiki mbili kupita akashikwa na homa. Siku ya pili akaanza kukosea majina ya vitu. Alitaka kikombe, akasema "nipe mlango". Tulicheka. Siku ya tatu mkono wa kulia na upande mmoja wa uso ukaanza kurukaruka, kisha mwili wote. Degedege.

Zahanati ya kwanza waliposikia "ametoka Malindi" walimaliza maswali. Alipigwa sindano ya malaria. Siwalaumu sana, maana sisi wenyewe ndio tuliowaambia ni malaria kabla hawajamgusa. Lakini tusikilizane hapa. Nakuru iko juu, kiasi cha mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na mtoto asiyesafiri kwa kawaida hapati malaria huku. Mtoto aliyetoka Pwani anaweza kuwa nayo, ndiyo, na ni lazima apimwe. Tatizo ni kwamba hata kipimo kikionyesha vijidudu vya malaria, si lazima vijidudu hivyo viwe ndivyo vinavyomtia degedege. Huko Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa na kituo cha utafiti tangu mwaka 1989, waliwahi kupima maji ya uti wa mgongo ya watoto waliolazwa wakiwa hawajitambui, na baadhi yao wakakutwa na virusi vya hepesi. Kwa hiyo si ugonjwa wa Wazungu wala wa watu wa bara. Uko kwetu, ila hujificha nyuma ya jina la malaria.

Virusi vyenyewe mnavifahamu. Ni vile vile vinavyomtoa mtu vipele vya maji pembeni mwa mdomo akiwa na homa au akichomwa na jua sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu theluthi mbili ya watu wote walio chini ya miaka 50 wanavyo mwilini. Wengi hatujui hata tulivipata lini. Labda ni busu la nyanya, labda kijiko cha mtu mwingine. Vikishaingia hujificha kwenye fundo la mishipa ya fahamu karibu na sikio na kukaa humo maisha yote, kimya. Kwa watu wachache sana, mara nyingine ndiyo kwanza vinaingia na mara nyingine baada ya miaka, huacha njia ya mdomoni vikapanda kwenye ubongo. Ni wachache kweli: katika nchi zilizohesabu vizuri ni watu wawili hadi wanne kwa kila milioni kwa mwaka. Hakuna anayejua kwa uhakika kwa nini mtoto huyu na si yule, na hakuna mama aliyemletea mwanawe ugonjwa huu kwa kumbusu. Nalisema hili kwa sababu wifi yangu aliulizwa swali hilo na watu waliokuja kumjulia hali. Kwa mtoto mchanga wa siku chache ni habari nyingine: huyo huweza kuvipata wakati wa kuzaliwa, au akibusiwa na mtu mwenye kidonda mdomoni, na kwake ni hatari ya haraka. Kwa kichanga, mtu mwenye vipele mdomoni akae mbali.

Vikiingia kwenye ubongo hupenda sehemu iliyo usawa wa masikio, ambako kuna kumbukumbu, maneno na tabia. Ndiyo maana dalili ya kwanza huweza kuwa kituko: mtoto anaita kikombe mlango, anamwogopa baba yake, anacheka peke yake, analala kupita kiasi. Homa ikiandamana na mabadiliko ya tabia au degedege la upande mmoja, usingoje kesho.

Katika hospitali kubwa daktari alisema jambo ambalo lilileta kikao cha familia pale pale kwenye korido: anataka kutoa maji ya mgongo. Mnajua yanayosemwa. Kwamba mtoto hupooza, kwamba fulani alitolewa maji akafa. Fulani alikufa, ni kweli, lakini alikufa kwa ugonjwa uliofanya atolewe maji. Sindano huingizwa chini, kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha na kubaki nyuzi zinazoelea kwenye maji. Sindano ikipita, nyuzi husogea. Kuna nyakati daktari huahirisha, kwa mfano akihofia shinikizo kichwani limepanda sana, na hilo ni lake kuamua. Lakini bila maji yale hakuna njia nzuri ya kujua ni bakteria, ni virusi, au ni kitu kingine. Kaka yangu alikubali. Maji yalipelekwa kwa kipimo cha PCR, kile kile kilichotufanya tujue neno hilo wakati wa korona.

Majibu yalichukua siku. Dawa haikungoja. Hili naliona ndilo jambo kubwa kuliko yote katika awamu ya kwanza: daktari alianza asikloviri usiku ule ule kwa kushuku tu, pamoja na dawa ya bakteria, akasema majibu yakija tutaacha isiyohitajika. Dawa hii ilitokana na kazi ya maabara moja ya Marekani alikokuwa Gertrude Elion, mwanamke aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988 pamoja na wenzake wawili. Kabla yake, mtu aliyepata ugonjwa huu bila tiba alikufa mara saba katika kumi. Mwaka 1986 Wamarekani walichapisha majaribio yaliyoilinganisha na dawa iliyokuwepo wakati ule: waliopewa ya zamani walikufa asilimia 54, waliopewa asikloviri asilimia 28. Na waliopona vizuri zaidi ni wale walioianza mapema.

Namna inavyofanya kazi inafaa kueleweka, maana ndipo lilipo kosa letu. Asikloviri ikiingia mwilini huwa imelala. Ikikuta chembe iliyovamiwa na hepesi, virusi vyenyewe huiamsha, na ikishaamka huzuia virusi visijinakili. Haiui virusi vilivyojificha. Inazuia kuzaana tu, mpaka kinga ya mwili ifagie vilivyobaki. Tena haikai: baada ya saa chache figo zimekwisha kuitoa, ndiyo maana hupewa kila baada ya saa nane, usiku na mchana, kwa dripu ya polepole ya saa nzima na maji ya kutosha ili isiumize figo. Vidonge haviwezi kufanya kazi hii, kwa kuwa havifikishi dawa ya kutosha kwenye ubongo. Na ile krimu ya duka la dawa, ya mdomo, naomba hata tusiizungumze.

Ni kwa muda gani? Miaka ya 1980 ilitolewa kwa siku 10. Ndipo wakaanza kuonekana watoto waliotoka hospitalini wakitembea, kisha wakarudishwa baada ya siku au wiki chache wakiwa na homa na degedege, na virusi vikiwa tele kwenye maji ya mgongo. Siku zikaongezwa. Sasa ni siku 14 hadi 21, na kwa watoto wadogo madaktari wengi hushikilia 21. Penye uwezo, maji ya mgongo hutolewa tena mwishoni ili kuhakikisha PCR haioni kitu kabla ya kusimamisha dawa. Vichanga, wakimaliza zile 21, huendelea na dawa ya kunywa kwa miezi sita, kwa sababu utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha ubongo wao hukua vizuri zaidi wakifanyiwa hivyo. Kwa watu wazima walijaribu kuongeza vidonge vya namna hiyo kwa miezi mitatu, na matokeo yaliyotolewa 2015 hayakuonyesha faida.

Sasa kosa letu. Siku ya 11 mtoto aliketi kitandani akala hamri nzima na kumwita mama yake. Siku ya 12 alikuwa anamkimbiza paka wa wodini. Bili inapanda, chupa nyingine za dawa tunazinunua nje, wifi yangu hajalala kitandani kwa wiki mbili. Daktari akasema bado siku tisa. Mimi, shangazi mtu, niliyesoma kidogo na ninayesikilizwa katika familia hii, nikasema: mtoto amepona, anakaa hapa kupata maradhi ya wengine. Kaka alitia saini. Ni mimi niliyembeba mpaka kwenye gari.

Wiki tatu zilipita. Alikuwa mchovu, mkali kidogo, lakini mzima. Kisha akaacha kulala. Usiku kucha macho wazi, analia kwa sauti ambayo sikuijua. Mikono ikaanza kujipinda yenyewe kama mtu anayekamua nguo, miguu vile vile, ulimi unatoka na kurudi. Maneno yakapungua hadi yakaisha. Homa hakuwa nayo. Nyanya yake alipigiwa simu Majengo, Mombasa, akaonyeshwa kwa video, akasema mara moja: huyu amepandwa.

Sitamcheka mama yangu. Mtoto ambaye hana homa, anajinyonganyonga, halali, anamtazama mama yake kama mgeni, na juzi tu alikuwa mzima, ukiambiwa ni shetani utaona inaingia akilini. Alisomewa, akanyweshwa kombe. Kombe halikumdhuru, na mimi mwenyewe nilisoma pamoja nao. Zilizomdhuru ni siku tatu tulizokaa nyumbani tukisubiri lifanye kazi, wakati tungeweza kusoma tukiwa kwenye teksi.

Hospitalini tuliambiwa kwamba mtoto wa hepesi akirudi hivi, kuna milango miwili, na kwa macho tu ni vigumu kujua amepitia upi. Wa kwanza ni virusi vyenyewe kurudi, hasa kama dawa ilikatizwa au dozi ilikuwa ndogo kwa uzito wake. Wa pili sikuwahi kuusikia. Virusi vinapoharibu chembe za ubongo, vipande vyake humwagika nje, na kinga ya mwili, ambayo haijawahi kuviona, huvichukulia kama adui. Hutengeneza kingamwili dhidi yake. Virusi vinakwisha, vita vinaisha, lakini askari wanabaki na picha ya adui asiye sahihi, na wanaanza kuushambulia ubongo wenyewe.

Madaktari walikuwa wakiwaona watoto wa namna hii kwa miaka mingi, wakiandika kwamba ni hepesi iliyorudi kwa sura ya mikono kujipinda, na wakishangaa mbona virusi havipatikani. Kingamwili mashuhuri zaidi kati ya hizi, inayoshambulia vipokezi viitwavyo NMDA, ilielezwa mwaka 2007 na daktari Josep Dalmau na wenzake. Mwaka 2018 yeye na Thaís Armangue wa Barcelona walichapisha utafiti wa wagonjwa 51 wa hepesi ya ubongo waliofuatiliwa tangu mwanzo: 14 kati yao, yaani asilimia 27, walipata ugonjwa huu wa pili, wote ndani ya miezi mitatu, wengi baada ya mwezi hivi. Zaidi ya mmoja katika kila wanne! Watoto wa miaka minne kurudi chini ndio walioumia zaidi, na ndio waliopata ile mikono ya kujipinda. Wakubwa zaidi hubadilika tabia, huona vitu visivyokuwepo, au degedege linawarudia.

Tiba za milango hii miwili hazifanani, na hapo ndipo penye hatari. Wa virusi anahitaji asikloviri upya, siku zote 21. Wa kingamwili anahitaji dawa za kutuliza kinga: steroidi za mshipani, imunoglobulini, wakati mwingine dawa kali zaidi ikiwa hizo hazikutosha. Ukimpa wa kingamwili asikloviri peke yake utangoja bure huku ubongo unaendelea kuumia. Ukimpa wa virusi steroidi peke yake, umewapunguza askari wakati adui yuko ndani.

Kwa hiyo walifanya lililo salama. Asikloviri ilianzishwa usiku ule ule. Maji ya mgongo yakatolewa tena (safari hii hakukuwa na kikao kwenye korido) na sampuli ya pili ikasafirishwa nje ya mji kupimwa kingamwili. PCR ilirudi safi: hakuna virusi. Hawakungoja lile jibu la pili ili waanze steroidi, na lilipokuja lilithibitisha walichokidhania. Imunoglobulini ndiyo iliyotuvunja mgongo. Bima ya SHA ilibeba sehemu, nyingine ilitoka kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, kuanzia Lamu hadi Maskati, na pete mbili za wifi yangu.

Nilimfuata daktari nikamwuliza nilichokuwa naogopa kuuliza mbele ya kaka yangu: ni zile siku tisa? Alisema kwa huu mlango wa pili, hata watoto waliomaliza siku zote 21 huupata, na hakuna anayeweza kuniambia kwamba nilisababisha. Nikashusha pumzi. Halafu akaongeza: "Lakini shangazi, siku ile nilikuwa naogopa ule mlango wa kwanza, na huo mngeufungua wenyewe." Nimeiandika kama alivyoisema.

Mtu akiniuliza sasa nyumbani kwake afanye nini, namwambia hivi. Mtoto akitoka hospitalini baada ya ugonjwa huu, usiondoke bila karatasi inayosema aliitwa na ugonjwa gani, asikloviri ilianza tarehe ngapi na ikaisha tarehe ngapi, kwa kipimo gani, na PCR ilisema nini. Ukihama Nakuru ukarudi Mombasa, au ukapewa rufaa kwenda Nairobi au Eldoret, ambako kutoka hapa ni kama kilomita 160 upande wowote, daktari mpya ataanzia hapo badala ya kuanzia malaria. Kwa miezi mitatu mwangalieni usingizi wake, maneno yake, mikono, mdomo na hasira zake. Ukiona kitu chochote kipya, kirekodi kwa simu, kwa maana mtoto akifika mbele ya daktari huwa ametulia, na ukieleza kwa mdomo utaambiwa ni utundu. Video ya sekunde 40 niliyomrekodi usiku ndiyo iliyomfanya daktari wa zamu asimame kwenye kiti. Na usiseme "malaria" mlangoni. Sema unachokiona, kisha sema: huyu alikuwa na hepesi ya ubongo.

Dawa za degedege zisiachwe kwa sababu mtoto hajaanguka mwezi huu. Kifafa kinachoachwa na ugonjwa huu huwa kikaidi, na kidonge kimoja kilichorukwa kinatosha kulianzisha tena. Shule nayo ina lake. Serikali ina vituo vya EARC vinavyopima watoto wanaohitaji msaada wa kujifunza, na sisi tulipelekwa kimoja baada ya mwalimu wa chekechea kudhani mtoto ni mkaidi. Si mkaidi. Ukimpa maagizo matatu kwa pamoja, la kwanza linakuwa limeshapotea.

Mikono ilianza kutulia wiki ya tatu ya steroidi na imunoglobulini. Usingizi ulirudi kabla ya maneno. Neno la kwanza, baada ya kimya cha karibu miezi miwili, lilikuwa jina la paka wa jirani. Sasa anaongea, si kama zamani, lakini anaongea, na anameza dawa ya kifafa asubuhi na jioni bila ugomvi akipewa na mimi. Kliniki yetu ni Jumanne ijayo. Siku akichoka sana bado huja jikoni akanivuta nguo akaniambia, shangazi, nipe mlango. Namtilia maji.